Waziri akikosa idhini ya sheria, nia njema haimwokoi kortini

KILA mara Mahakama Kuu inapofutilia mbali uamuzi wa serikali, malalamiko yanayotoka kwa wakubwa huwa ni yale yale. Majaji, husema, wanahujumu maendeleo. Hawakupigiwa kura na mwananchi yeyote, ilhali wanajifanya wao ndio wenye nchi.

Lawama hizo zilifikia kilele mapema Januari 2024, Rais William Ruto alipowashutumu hadharani baadhi ya majaji kwa kushirikiana na wapinzani wake ili kukwamisha mipango ya serikali. Alidai kuna wanaohongwa na kuashiria kwamba amri za majaji wa aina hiyo hazingeheshimiwa. Mawakili walijibu kwa kuandamana. Mnamo Januari 22, Jaji Mkuu Martha Koome alikutana na Rais katika Ikulu ya Nairobi kutafuta njia ya kutuliza joto hilo.

Katika mvutano huo wote, kila upande ulizungumzia hongo, heshima na mgawanyo wa mamlaka. Swali lililo dogo kuliko hayo, na lenye manufaa zaidi kwa mwananchi wa kawaida, halikupata nafasi: je, aliyetoa uamuzi unaopingwa alikuwa na idhini ya sheria ya kuutoa?

Siku nne tu baada ya mkutano wa Ikulu, swali hilo lilijitokeza tena. Januari 26, 2024, Jaji Chacha Mwita wa Mahakama Kuu jijini Nairobi alisoma hukumu kuhusu mpango wa kupeleka polisi wa Kenya nchini Haiti.

Mpango ule ulikuwa na baraka za kila aina. Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilikuwa limeuidhinisha Oktoba 2, 2023. Bunge la Kenya liliupitisha mwezi uliofuata. Marekani ilikuwa imeahidi fedha. Wala hapakuwa na aliyekanusha kwamba raia wa Haiti walikuwa wakiteswa na magenge yaliyoteka sehemu kubwa ya mji mkuu wao, Port-au-Prince. Kwa kipimo cha utu, hoja ya serikali ilikuwa na uzito.

Lakini kesi iliyowasilishwa na kiongozi wa chama cha Thirdway Alliance, Bw Ekuru Aukot, na wenzake haikuhitaji kipimo cha utu. Walalamishi waliuliza tu ni nani anayeruhusiwa na sheria kuwatuma polisi ng'ambo, na kwa masharti gani.

Kifungu cha 240 cha Katiba kinalipa Baraza la Usalama wa Taifa uwezo wa kupeleka vikosi vya taifa nje ya nchi kwa shughuli za kulinda amani. Katiba hiyo hiyo, inapowataja polisi, hutumia neno huduma. Jaji Mwita alisema vikosi vinavyotajwa katika kifungu hicho ni vya kijeshi, na kwa hivyo Baraza linaweza kuwatuma wanajeshi lakini haliwezi kuwatuma polisi. Polisi wana njia yao. Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi, kuanzia kifungu cha 107, inaruhusu maafisa wapelekwe katika nchi ambayo imefungamana na Kenya kwa mpango wa kusaidiana, yaani nchi ambayo nayo ina sheria inayofanana na hiyo ya Kenya. Mpango kama huo baina ya Nairobi na Port-au-Prince haukuonyeshwa mahakamani. Hatua ya Baraza ikatangazwa kuwa inakiuka Katiba na sheria.

Huenda mtu akaona kwamba tofauti ya neno vikosi na neno huduma ni jambo dogo mno la kusimamisha operesheni iliyosubiriwa na dunia. Ukweli ni kwamba mamlaka yote ya umma hukaa ndani ya maneno kama hayo. Waziri, gavana, kamishna wa ushuru au chifu hana nguvu za kuzaliwa nazo. Alichonacho ni kile alichokabidhiwa na Katiba au na sheria ya Bunge, kwa kiasi kilichoandikwa na kwa masharti yaliyoandikwa. Akitoka nje ya maandishi hayo, hata kwa hatua moja, anakuwa raia kama raia wengine, na barua yake haina uzito kuliko ya jirani.

Hiki ndicho wanasheria wanachokiita ukiukaji wa sheria kama msingi wa mapitio ya mahakama. Mgawanyo wa misingi hiyo unaofuatwa nchini Kenya ulitoka Uingereza, katika kesi ya mwaka 1984 iliyozushwa na hatua ya serikali ya Margaret Thatcher ya kuwapiga marufuku wafanyakazi wa kituo cha kijasusi cha Cheltenham kuwa wanachama wa vyama vya wafanyakazi. Jaji Diplock alitaja misingi mitatu: ukiukaji wa sheria, uamuzi usioingia akilini, na utaratibu mbovu. Wa kwanza aliueleza kwa namna ambayo haijapitwa na wakati. Mwenye kufanya uamuzi, alisema, lazima aielewe sawasawa sheria inayompa uwezo huo na aitekeleze. Jambo la kushangaza ni kwamba vyama vya wafanyakazi vilishindwa katika kesi ile, kwa kuwa serikali ilijikinga kwa hoja ya usalama wa taifa. Kanuni ikabaki, walioileta mahakamani wakatoka mikono mitupu.

Nchini Kenya, njia ya kufika kwa jaji na swali kama hilo ilikuwa nyembamba kwa miaka mingi. Sheria ya Marekebisho ya Sheria iliruhusu amri tatu pekee: ya kufutilia mbali uamuzi, ya kuzuia jambo lisifanyike, na ya kumshurutisha afisa kutimiza wajibu wake. Mlalamishi alitakiwa kwanza kuomba ruhusa ya kushtaki. Aliyetaka uamuzi ufutiliwe mbali alipaswa kufika kortini ndani ya miezi sita, la sivyo mlango ulifungwa.

Tena haikutosha kuonyesha kwamba sheria imevunjwa. Ilibidi mlalamishi aonyeshe kwamba imevunjwa juu ya mwili wake au mali yake. Marehemu Profesa Wangari Maathai alilijua hilo mwaka 1989, alipokwenda Mahakama Kuu kupinga jumba la orofa 60 lililokusudiwa kujengwa katika bustani ya Uhuru Park na kampuni iliyohusishwa na chama tawala cha KANU. Jaji Dugdale aliitupa kesi hiyo kwa msingi kwamba Bi Maathai hakuwa na haki ya kushtaki. Kama ujenzi ule ulikuwa halali au la, mahakama haikufika huko. Jumba halikujengwa, lakini lililolizuia ni kelele za umma na wafadhili walioingiwa na baridi, wala si hukumu ya korti.

Katiba ya 2010 iliuvunja ukuta huo. Vifungu vya 22 na 258 vinamruhusu mtu yeyote kwenda mahakamani kwa niaba ya umma. Kifungu cha 47 kinampa kila mtu haki ya kufanyiwa hatua za kiutawala zilizo za haraka, zenye ufanisi, halali, za busara na zenye kufuata utaratibu wa haki. Neno halali katika orodha hiyo ndilo linaloufanya msingi wa ukiukaji wa sheria kuwa haki ya raia, badala ya kuwa fadhila ya jaji iliyorithiwa kutoka kwa wakoloni. Miaka mitano baadaye Bunge likapitisha Sheria ya Hatua za Haki za Kiutawala ya 2015, ambayo katika kifungu chake cha 7 imeyaorodhesha makosa yanayoweza kuufanya uamuzi ufutiliwe mbali.

Orodha yenyewe ni ndefu na si yote inayohusu uhalali kwa maana yake finyu. Yanayohusu uhalali moja kwa moja yanafahamika hata na asiyesoma sheria. Afisa hakuidhinishwa kuamua. Afisa aliidhinishwa lakini akapita kiasi. Aliachiwa kazi na mkubwa wake ambaye sheria ilimtaka aifanye mwenyewe. Aliielewa sheria visivyo. Aliruka sharti la lazima. Aliamua kwa kuamriwa na mtu asiyehusika, jambo ambalo katika ofisi nyingi za umma nchini hutendeka kwa njia ya simu na haliachi alama kwenye faili.

Kesi inayoonyesha vizuri zaidi uzito wa sharti la lazima ni ile ya Huduma Namba. Kati ya Machi na Mei 2019 serikali iliwasajili Wakenya wanaozidi milioni 37 katika mfumo wa kitaifa wa utambulisho. Watu walipiga foleni mbele ya machifu, wakatoa alama za vidole na picha za nyuso. Wakati huo Kenya haikuwa na sheria ya kulinda data. Sheria hiyo ilitiwa sahihi Novemba 2019, miezi kadhaa baada ya data kuwa imekwisha kukusanywa.

Januari 30, 2020, majaji watatu wa Mahakama Kuu waliiruhusu serikali kuendelea na mfumo huo, lakini kwa sharti kwamba iweke kwanza kanuni kamili za kuusimamia. Novemba 18 mwaka huo serikali ilizindua utoaji wa kadi. Kamishna wa kwanza wa data, Bi Immaculate Kassait, alikuwa ameapishwa siku mbili tu kabla ya uzinduzi huo.

Taasisi ya Katiba na Profesa Yash Pal Ghai, aliyekuwa mwenyekiti wa tume ya marekebisho ya Katiba enzi za kongamano la Bomas, walikwenda kortini. Hawakudai kwamba kadi ni mbaya. Walishika kifungu kimoja cha Sheria ya Kulinda Data, cha 31, kinachosema kwamba palipo na uwezekano wa hatari kubwa kwa haki za watu, ni lazima tathmini ya athari ifanywe kabla data haijaanza kushughulikiwa. Tathmini hiyo haikuwa imefanywa.

Serikali ilijitetea kwamba sheria isingeweza kurudi nyuma na kugusa data iliyochukuliwa kabla haijatungwa. Jaji Jairus Ngaah hakukubali. Alisema sheria hiyo ilitungwa kuipa nguvu haki ya faragha ambayo tayari ilikuwa ndani ya Katiba tangu 2010, na kwa hivyo serikali isingeweza kujificha nyuma ya tarehe. Oktoba 14, 2021 aliufutilia mbali uamuzi wa kutoa kadi kwa kuwa ulivuka mipaka ya kifungu cha 31, akaishurutisha serikali kufanya tathmini kwanza.

Hapa ndipo palipo na hasara halisi ya kudharau uhalali. Gharama ya usajili ule ilihesabiwa kwa mabilioni ya shilingi. Tathmini ya athari ni kazi ya wataalamu wachache, meza na karatasi. Ingefanywa mapema, kesi ingekosa miguu ya kusimamia. Badala yake mradi ulijikokota hadi utawala wa Rais Uhuru Kenyatta ukamalizika mwaka 2022, na serikali iliyofuata ikaja na mfumo wake wa Maisha Namba. Nao ulisimamishwa na mahakama na kuruhusiwa tena zaidi ya mara moja kati ya Desemba 2023 na Agosti 2024.

Ukiukaji wa sheria una sura nyingine ambayo ni ngumu zaidi kuikamata. Afisa anaweza kuwa na mamlaka, akayatumia ndani ya mipaka yake ya nje, na bado akawa amevunja sheria kwa sababu ameyatumia kwa kusudi lisilokuwa la sheria yenyewe. Mfano unaotajwa mno katika korti za Afrika Mashariki unatoka kwa wafugaji wa ng'ombe wa maziwa wa kusini mashariki mwa Uingereza, ambao mwaka 1968 walishinda kesi dhidi ya waziri wa kilimo. Walikuwa wamelalamika kuhusu bei waliyolipwa, na sheria ilimwachia waziri hiari ya kuyapeleka malalamiko yao kwa kamati ya uchunguzi. Alikataa. Mahakama ya juu zaidi ya nchi hiyo ikasema kwamba hiari aliyopewa waziri si mali yake binafsi. Alipewa ili kuendeleza lengo la sheria ile, na hana ruhusa ya kuitumia kulizima lengo hilo.

Mkulima wa majani chai au wa miwa aliyewahi kuona malalamiko yake yakifia kwenye droo ya bodi fulani ataifahamu kesi hiyo bila kufafanuliwa.

Hata hivyo, mipaka ya majaji nayo inastahili kutazamwa, kwani malalamiko ya serikali si ya kupuuzwa yote. Kwa muda mrefu Mahakama ya Rufaa ilishikilia kwamba mapitio hayahusu uzuri wa uamuzi. Katika kesi ya Baraza la Manispaa la Mombasa na kampuni ya Umoja Consultants, iliyoamuliwa 2002, majaji walisema kazi yao ni kukagua namna uamuzi ulivyofikiwa: kama mwamuzi alikuwa na mamlaka, kama walioathiriwa walisikizwa, kama alizingatia yanayofaa na kuacha yasiyofaa. Kukaa kama mahakama ya rufaa na kupima upya ushahidi ni jambo lisiloruhusiwa.

Baada ya 2010 mpaka huo umesogea. Mnamo Januari 2023, katika kesi iliyotokana na zabuni ya kampuni ya serikali ya kuchimba nguvu za mvuke wa ardhini, Mahakama ya Juu ilisema kwamba anayekuja kwa njia ya Katiba na Sheria ya 2015 anaweza kumtaka jaji atazame kwa kiasi fulani kiini cha uamuzi wenyewe. Anayekuja kwa njia ya zamani ya kanuni za mashtaka ya madai, bila kudai kuvunjiwa haki ya kikatiba, abaki na ukaguzi wa utaratibu peke yake. Sasa nchi ina njia mbili, na wakili anayechagua njia isiyofaa anaweza kumpotezea mteja wake kesi iliyokuwa na mashiko.

Huu ndio uwanja ambamo serikali ingeweza kuwa na hoja ya maana dhidi ya majaji. Jaji anapoanza kupima uzuri wa sera, anaweza kuulizwa kwa haki ni nani aliyemchagua. Lakini katika kesi ya Haiti na ile ya Huduma Namba hakuna jaji aliyepima sera. Walisoma kifungu na kuuliza kama kimefuatwa. Lawama ya kuingilia kazi ya serikali ikielekezwa kwa hukumu za aina hiyo, inakuwa ni lawama kwa Bunge lililoandika kifungu chenyewe.

Pia ni vizuri isidhaniwe kwamba ushindi wa namna hii ni wa kudumu. Wengi walioshangilia hukumu ya Januari 2024 waliamini safari ya Haiti imekufa. Machi 1, 2024, Waziri Mkuu wa Haiti wakati huo, Bw Ariel Henry, alikuwa Nairobi akishuhudia, pamoja na Rais Ruto, kutiwa sahihi kwa mkataba wa kusaidiana ambao mahakama ilikuwa imesema haupo. Bw Aukot alirudi kortini akidai mkataba wenyewe una kasoro. Juni 25, siku ile ile ambayo vijana walivamia Bunge kupinga Mswada wa Fedha, kundi la kwanza la polisi wa Kenya lilitua Port-au-Prince.

Kwa hivyo hukumu inayosimama juu ya ukiukaji wa sheria huwa inamwambia afisa kwamba hakufuata njia. Mara nyingi haimwambii asifike. Akirudi akafuata njia, anaweza kufika pale pale. Kuna wanaoona huo ni upungufu. Lakini katika kule kurudi, serikali ililazimika kuandika mkataba na kuuweka mezani, na mlalamishi akapata maandishi ya kushindana nayo. Bila kesi, pasingekuwa na chochote cha kusoma.

Upungufu mkubwa zaidi uko kwingine, katika utiifu. Februari 2018 serikali ilimfurusha nchini wakili Miguna Miguna na kumpeleka Canada, ikidai kwamba alikuwa amepoteza uraia wa Kenya. Katiba inasema raia wa kuzaliwa hapotezi uraia wake kwa kupata uraia wa nchi nyingine. Waziri hakuwa na mamlaka aliyojipa. Ni vigumu kupata mfano ulio wazi zaidi. Korti iliamuru arudishiwe pasipoti na aruhusiwe kuingia. Alipozuiliwa uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta mwezi wa Machi, Jaji George Odunga aliwatoza faini ya Sh200,000 kila mmoja waziri wa usalama wa ndani, mkuu wa polisi na mkurugenzi wa uhamiaji. Bw Miguna aliikanyaga ardhi ya Kenya Oktoba 2022, baada ya serikali kubadilika. Miaka minne na zaidi alikuwa na hukumu mkononi na hana mlango wa kuipitisha.

Mbali na kesi hizi zenye majina makubwa, kuna kesi nyingine ambazo magazeti hayaziandiki sana. Mtu aliyeshinda kesi ya fidia dhidi ya serikali hawezi kutuma madalali wa korti wayapige mnada magari ya wizara. Sheria ya Kesi za Serikali imelizuia hilo katika kifungu cha 21. Anachoweza ni kupata cheti cha deni, akikabidhi wizarani, na asipolipwa arudi kortini kuomba amri ya kumshurutisha katibu wa wizara alipe. Hapo hoja ya uhalali inakuwa nyepesi kabisa: sheria imesema afisa huyu alipe, na hajalipa. Maveterani, wajane wa polisi, wakandarasi wadogo na watu walioteswa katika vyumba vya chini vya Nyayo House wamekuwa na sababu ya kuijua njia hii, na wapo walioingia kaburini kabla ya kuimaliza.

Sheria ya 2015 inataka maombi ya mapitio yasikizwe na kuamuliwa ndani ya siku 90. Kesi ya Huduma Namba, iliyohusu mamilioni ya watu na yenye mawakili wa kutosha, iliamuliwa takriban miezi 11 baada ya uzinduzi uliopingwa. Ni katika kesi za zabuni pekee ambapo saa huheshimiwa: aliyekosa kuridhika na uamuzi wa bodi inayosikiza malalamishi ya zabuni za umma ana siku 14 za kwenda Mahakama Kuu, na mahakama ina siku 45 za kuamua. Tenda za serikali zina saa yake. Kibanda kilichobomolewa hakina.

Anayetaka kuitumia njia hii aidha akumbuke kwamba mahakama humrudisha mlalamishi aliyeruka ngazi. Palipo na bodi ya rufaa au jopo la kusikiza malalamishi, sheria humtaka aanzie huko, isipokuwa jaji akimwondolea sharti hilo kwa sababu za kipekee. Wengi hushindwa hapa, kabla swali la uhalali halijaguswa.

Tangu serikali za kaunti zianze kazi mwaka 2013, mamlaka yanayomgusa mwananchi kila siku yamehamia kwa maafisa wa kaunti 47. Wao ndio wanaotoa leseni, kufunga maduka, kuhamisha masoko, kupandisha ada za maegesho na kunyang'anya mikokoteni. Kila moja ya hatua hizo inahitaji sheria nyuma yake, aidha ya Bunge la taifa au ya bunge la kaunti. Mchuuzi wa soko la Kongowea au la Gikomba anayepokea notisi ya kuhama mara nyingi huangalia muhuri na sahihi. Kinachostahili kuangaliwa kwanza ni kama notisi imetaja kifungu chochote, na kama kifungu hicho kinampa mwenye sahihi ile uwezo anaodai kuwa nao.

Iwapo notisi haisemi, kifungu cha 6 cha Sheria ya Hatua za Haki za Kiutawala kinamruhusu aliyeathiriwa kuandika barua kuomba sababu za uamuzi. Afisa asipojibu, na kesi ikifika mahakamani, sheria inachukulia kwamba uamuzi ule ulifanywa bila sababu nzuri hadi ithibitishwe vinginevyo. Barua hiyo haihitaji wakili. Inahitaji tarehe, nakala, na mtu wa kuipokea na kuigonga muhuri katika ofisi ile ile iliyotoa notisi.